Ateisti, agnostiki au kubaki kanisani kimya kimya: ulinganisho kwa ambae imani imemtoka

Mtoto wa mamdogo wangu alinitumia voisi ya dakika saba, saa sita usiku, analia kabisa. Anasema dada mi siamini tena, nimejaribu kusali mwezi mzima hakuna kitu, sasa naomba uniambie mimi ni nani, ni ateisti, ni agnostiki, au niendelee tu kwenda jumuiya ya kanisani ninyamaze, na je nitakuwa mtu mbaya? Nilisikiliza mara mbili. Hilo swali la mwisho ndo lililonikaa moyoni, kwasababu miaka kumi iliyopita na mimi ndo lilikuwa linaninyima usingizi, kuliko hata swali la Mungu yupo au hayupo.

Naandika nilichomjibu na vingine nilivyokumbuka baadae. Siandiki kumtoa mtu kwenye dini yake. Mama yangu anasali rozari kila siku alfajiri kabla jogoo hajawika na nikiwa nyumbani namsikia na inanituliza, kwahiyo kama unaamini na imani yako inakusimamisha vizuri haya hayakuhusu sana. Ni kwa yule ambae tayari imemtoka na hajui ajiite nani wala aishi vipi.

Nianze na majina, maana kwetu jina lenyewe limeshatoa hukumu kabla hujafungua mdomo. Kiswahili kinatupa mkana Mungu, kafiri, mpagani, asiye na dini. Angalia hilo la kwanza. Kukana ni kukataa kitu unachokijua, Petro alimkana Yesu, mwanaume anakana mimba, mshtakiwa anakana shtaka. Ukiitwa mkana Mungu maana yake unajua fika yupo ila umeamua kumruka, na mdogo wangu hajamruka mtu, amemtafuta mwezi mzima hajamuona. Mpagani nalo zamani walibandikwa wazee wetu waliokuwa na mizimu yao na matambiko yao, watu wenye imani nyingi tu. Na "hana dini" ndo baya kuliko yote, maana mtaani tukisema fulani hana dini hatuzungumzii anasali wapi, tunamaanisha anampiga mama yake au anauza dawa zilizoisha muda. Lugha imeshafunga dini na utu kwenye fundo moja, ndo maana kijana akiacha kuamini kitu cha kwanza anachoogopa ni kwamba ameacha na utu. Mi natumia "siamini", neno la kawaida kabisa, halimshtaki mtu.

Sasa ateisti na agnostiki. Wengi wanadhani ni ngazi, yani chini kuna muumini, katikati agnostiki anasitasita, juu ateisti ameshamaliza safari. Sio hivo, ni maswali mawili tofauti. Swali la kwanza ni unaamini? Swali la pili ni unajua? Ateisti anajibu la kwanza, siamini, basi. Agnostiki anajibu la pili, sijui, na sioni aliyeleta ushahidi wa kunifanya niseme najua. Kwahiyo unaweza kuwa vyote viwili kwa pamoja, na karibu wote niliokutana nao walioacha kuamini wako hivo, hawaamini na pia hawadai kujua. Bertrand Russell, mwanafalsafa Muingereza, aliliweka vizuri mwaka 1947, alisema akiongea na wanafalsafa wenzake inabidi ajiite agnostiki kwasababu hana hoja ya mwisho kuthibitisha kwamba hakuna Mungu, lakini akiulizwa na mtu wa kawaida njiani pengine aseme ateisti, maana hata miungu ya Wagiriki wa kale, kina Zeus, hawezi kuthibitisha haipo na hakuna anaemtegemea aseme kuhusu Zeus bado sina uhakika. Huo kwangu ni ushauri wa kutumia kila siku, angalia anaekuuliza anataka kujua nini, ndo uchague neno.

Uzuri wa kujiita ateisti ni kwamba mambo yanaisha mapema. Mtu anajua umesimama wapi, haji kila wiki na mchungaji mpya, na wewe mwenyewe unaacha kujidanganya. Kama wewe ni mtu ambae ukificha kitu kinakula ndani kwa ndani, hili jina litakupumzisha. Ila lina kazi zake mbili. Ya kwanza, ukisema siamini Mungu lazima ujue unamzungumzia yupi. Okot p'Bitek, yule mshairi wa Uganda aliyekuwa pia msomi wa dini za Kiafrika, alisimulia kwamba mwaka 1911 mapadre wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile ya mapadre, swali likageuka kuwa ni nani aliyewafinyanga, na wazee wakaona ni swali la ajabu maana watu wanazaliwa, hawafinyangwi kama chungu. Walipobanwa mmoja akakumbuka kwamba kuna watu hupinda mgongo kama wamefinyangwa vibaya, na roho inayosababisha hivo inaitwa Rubanga. Mapadre wakaondoka na jina hilo, Rubanga akawa ndo Mungu muumba. Kila nikikumbuka hii naona kabla mtu hajasema naamini au siamini aulize kwanza tunazungumzia nini, kwasababu wapo wanaoacha Mungu yule wa viboko tu waliyetishiwa nae utotoni, na huyo hata mapadre wengi niliowajua hawamuamini.

Kazi ya pili ni kwamba hilo jina halikupi maadili hata kidogo. Linasema usichoamini, halisemi utafanya nini kesho asubuhi. Albania, nchi ya Ulaya, chini ya mtawala wake wa kikomunisti Enver Hoxha mwaka 1967 ilifunga makanisa na misikiti yote ikajitangaza nchi ya kwanza duniani isiyo na Mungu, mapadre na mashehe wakafungwa, wengine wakauawa. Ateisti asiyetaka kuzungumzia Albania anafanya kosa lilelile la muumini asiyetaka kuzungumzia vita vya dini.

Na kuna hatari ya kawaida kabisa ya mwili na mkate. Nigeria, Mubarak Bala, mtu aliyesema hadharani kwamba haamini, alikamatwa Aprili 2020 kwa alichoandika Facebook, 2022 akahukumiwa miaka 24, rufaa ikapunguza, akatoka Januari 2025. Huku kwetu sheria ni laini zaidi. Katiba ya Tanzania ibara ya 3 inasema nchi haina dini, na ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini pamoja na uhuru wa kubadilisha. Kenya ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa, ya 32 inalinda dhamiri, japo utangulizi wa katiba hiyohiyo unaanza kwa kumkiri Mwenyezi Mungu. Chama cha Atheists in Kenya kilisajiliwa Februari 2016, Aprili usajili ukasimamishwa, wakaenda mahakamani, na chama bado kipo. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu 755,750 waliosema hawana dini, kwenye nchi ya watu milioni 47 na ushee. Tanzania hatuna namba kama hiyo kwasababu sensa yetu haijauliza dini tangu 1967. Namtajia mdogo wangu hiyo laki saba na nusu kwasababu usiku ule alidhani yuko peke yake Afrika Mashariki nzima.

Agnostiki ndo jina ninalolipenda zaidi, nakiri upendeleo wangu mapema. Alilitunga Thomas Henry Huxley, mwanabaolojia Muingereza aliyekuwa anamtetea hadharani Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, mwaka 1869. Lakini ukitaka kumuelewa rudi nyuma miaka tisa. Septemba 1860 mtoto wake wa kwanza, Noel, hajafikisha hata miaka minne, aliugua homa kali ya vipele akafa. Mchungaji mmoja anaefahamiana nae, Charles Kingsley, akamwandikia kumfariji, na Huxley akamjibu barua ndefu Septemba 23, wiki moja tu baada ya msiba. Anamwambia kwa heshima kwamba hawezi kuamini maisha ya baadae kwasababu tu anayatamani, maana kitu hakiwi kweli kwasababu tunakihitaji sana. Halafu anasimulia kwamba akiwa amesimama nyuma ya jeneza dogo la mwanae, hana hata wazo la kubishana na mtu, mhudumu wa ibada akasoma yale maneno ya Paulo kwa Wakorintho, kwamba kama wafu hawafufuliwi basi tule tunywe maana kesho tutakufa. Anasema yalimshtua kiasi cha kutoweza kueleza. Yani kwasababu nimempoteza mtoto nisiyeweza kumrudisha ndo niutupe utu wangu nigeuke mnyama? Akasema hata nyani wanajua zaidi ya hapo, ukimpiga risasi mtoto wao wanamlilia mpaka huzuni iishe, hawakimbilii kwenda kushiba.

Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza niliweka simu chini nikatoka nje. Hapo ndo palikuwa na jibu la lile swali la mdogo wangu, na limetoka kwa baba aliyesimama nyuma ya jeneza la mwanae, sio kwa mtu anaeshinda mjadala. Upendo wake kwa Noel haukuwa unasubiri ufufuo ili uwe na maana.

Ubaya wa agnostiki ni kwamba neno linageuka maficho kirahisi sana. Mtu anasema sijui, halafu anaacha kutafuta, anaacha kusoma, anaacha hata kufikiri, ile sijui inakuwa ya uvivu wakati Huxley alimaanisha nidhamu, usidai hakika pale ushahidi haujakufikisha. Na ndugu wakisikia "sijui" wanasikia "bado kidogo tu", watakuletea mtumishi wa Mungu, maji ya baraka, mafuta, na wanafanya kwa upendo kwahiyo kuwakatalia kunauma. Kama wewe ni mtu wa kuchoka haraka na hayo, afadhali useme siamini mara moja.

Sasa njia ya tatu, kubaki ndani na kunyamaza, ambayo watu wa kwenye mitandao wanaidharau sana na mi siidharau kabisa. Wanaoidharau hawajawahi kufiwa mahali kama kwetu. Mkatoliki wa Tanzania anajua ukiacha kuonekana jumuiya ndogo ndogo, siku ya msiba swali la kwanza ni huyu alikuwa anasali jumuiya gani, na kama halina jibu familia nzima inahangaika wanakimbizana na katekista usiku. Jumuiya ndo wanaopika, ndo wanaolala na wafiwa, ndo wanaochanga. Hakuna kitu wasioamini wa Dar tumejenga kinachofikia hapo, lazima tuseme ukweli. Uganda kule Kasese kuna shule za wahyumanisti, yani watu wanaojenga maadili juu ya utu bila kutegemea dini, ya kwanza ilianza 2011, na hilo ni jambo kubwa, watoto wanasoma bila kulazimishwa dini, ila shule sio msiba.

Kwahiyo kama bado unalipiwa ada, au unaishi kwa wazazi, au mama ana presha, kukaa benchi la nyuma sio unafiki. Unafiki una mpaka wake na mi nilijiwekea. Kukaa kwenye misa nakaa, kusimama watu wakisimama nasimama, nyimbo za Pasaka naimba kwa sauti maana nazipenda mpaka leo. Ila siapi. Dada yangu aliponiomba niwe mama wa ubatizo wa mwanae nilikataa, tukakaa miezi miwili haongei na mimi, kwasababu pale mbele unaulizwa unasadiki na unajibu nasadiki, na unaahidi kumlea mtoto kwenye imani hiyo, na siwezi kumuanzishia mtoto mchanga uhusiano wetu kwa neno ambalo sio la kweli. Nilimwambia nitamlipia chekechea, na namlipia. Gharama ya njia hii ni hiyo, kila mwaka inakuja siku utatakiwa useme kitu kwa mdomo wako, harusi, ubatizo, kipaimara cha mtoto wako mwenyewe, na ukimya hautoshi tena.

Msibani nilipata ufumbuzi wangu. Sisemi kazi ya Mungu haina makosa, wala sibishani na anaesema. Naenda jikoni, naosha sufuria, nakata vitunguu.

Turudi kwenye nitakuwa mtu mbaya. Platoni, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anamsimulia mwalimu wake Sokrates akimuuliza mtu mmoja mcha miungu swali ambalo miaka elfu mbili na zaidi halijachakaa, kitu ni chema kwasababu miungu imekipenda, au imekipenda kwasababu ni chema? Ukichagua la kwanza basi wakiamrisha uue mtoto nayo inakuwa chema. Ukichagua la pili wema una mizizi yake na wewe unaweza kuuona. Hili sio zoezi la darasani. Msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wafuasi wa mhubiri mmoja waliofunga kula mpaka kufa wakingoja kukutana na Yesu, na watoto wao wamo. Karibu kila Mkristo wa Kenya alipoona picha zile alisema hii sio sauti ya Mungu. Alijuaje? Alitumia dhamiri yake kumpima anaedai kuleta neno la Mungu. Muumini mwema anaipima kila mahubiri kwa dhamiri hiyohiyo niliyonayo mimi, hakuna aliyetua huo mzigo mlangoni mwa kanisa. Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana, aliandika kwamba maadili ya Waakani, watu wa huko kwao, yanajengwa juu ya maslahi ya binadamu na kuishi pamoja, sio juu ya amri kutoka mbinguni. Sisi tunasema mtu ni utu, na sijawahi kusikia mtu anauliza msemo huo ni wa dhehebu gani.

Ila kuna tofauti moja kubwa, na sioni watu wakiizungumzia, ni pale unapokosea. Nilipokuwa bado naamini, fundi cherehani mmoja wa Mbagala alinishonea vitenge vya harusi ya dada, sare sita. Nilimlipa nusu, ikabaki elfu arobaini, nikahama nyumba, nikabadilisha laini. Niliungama hilo. Padre aliniambia nirudishe, alisema wazi kabisa, na najua Waislamu nao wanafundisha haki ya mja haisamehewi mpaka mja mwenyewe asamehe, kwahiyo dini hazina kosa hapa. Kosa ni langu, maana nilitoka kitubioni moyo umepoa na ukishapoa miguu haiendi Mbagala. Nilikaa na deni la yule mama miaka mitano nikiwa na amani tele.

Imani ilipoondoka ile amani nayo iliondoka. Hakukuwa na wa kunipoza isipokuwa yeye. Jumamosi moja nikaenda, kibanda kimeshakuwa cha wakala wa simu, nikaulizia genge la jirani wakanielekeza Chamazi. Nilimkuta amekaa kwenye stuli anatengua mishono ya gauni kwa wembe. Alinitambua mara moja. Nilimpa laki moja, akaniangalia muda mrefu akasema mwaka ule mwanangu alikuwa anaingia fomu wani. Hakusema yameisha. Akazihesabu, akafunga kwenye ncha ya khanga, akasema asante kwa kuja. Mpaka leo sijui kama alinisamehe na najua sina mahali pengine pa kwenda kuulizia.

Hilo ndo nililomwambia mdogo wangu apime kabla ya jina. Ukijiita ateisti, ukijiita agnostiki, ukibaki benchi la nyuma, uliyemkosea ni lazima umfate mwenyewe, na wakati mwingine atakuwa ameshakufa na utabaki nayo. Kama unaona huo mzigo utakuvunja, usiondoke kwa haraka, hakuna anaekufukuza. Kwa yeye nilimshauri hivi, kwasababu bado yuko chuo na anaishi kwa mamdogo: kwa sasa akae benchi la nyuma, akiulizwa uso kwa uso asiseme uongo, aseme dada au mama mi kwa sasa sijui, ambayo ni kweli tupu, na akishajitegemea ndo aone kama "sijui" bado inamtosha au anahitaji kusema siamini. Amekubali nusu. Anataka amwambie mama yake Krismasi, nimemsihi asifanye Krismasi.

Akaniuliza na fomu je, maana kila mahali kuna mstari wa dini. Nikamwambia mahakamani usihangaike, ukisema huapi kwa Biblia wala kitabu kingine unathibitisha tu kwamba utasema kweli. Hospitali mi niliandika "hakuna" siku nilipolazwa kufanyiwa upasuaji, nesi akarudi nayo, dada wa makamo, akaniuliza taratibu, sasa mwanangu hali ikibadilika usiku tumuite nani, padre au shehe? Nikamwambia mpigieni dada yangu. Akatoa kalamu akafuta lile "hakuna", akaandika namba ya dada palepale kwenye mstari wa dini.